Maua yanayoning'inia kwa kamba nyuma ya lupango

SWALI

Jambo baba agronomu. Mwezi wa nane tulihamia lupango yetu mpya, yaani kiwanja chetu cha kukaa, upande wa mto Kafubu, nje kidogo ya Lubumbashi. Tulipofyeka majani marefu ya nyuma tukakuta mti mkubwa ambao hakuna kati yetu anayeujua. Ulikuwa karibu hauna jani. Sasa, mwezi wa tisa, umeshusha kamba, kamba kweli kama za kuanikia nguo, nyingine karibu urefu wangu, na kwenye kamba hizo yametoka maua makubwa ya rangi ya ini. Jioni yananuka vibaya. Asubuhi yako chini. Usiku tunasikia popo. Jirani anasema ni mti wa baloji, wachawi, ndiyo sababu maua yake yanafunguka usiku na hauzai. Hata aliyetuuzia kiwanja anasema kwa miaka yote aliyokaa hapo hakuona tunda. Mume wangu ameshamwita mtu wa makala aje aukate achome makaa. Mimi naona mti ni mzuri na roho inaniuma. Ni mti gani? Una ubaya? Na tukiuacha, tunaweza kujenga jikoni chini yake?

Mama wa watoto wanne, Lubumbashi

JIBU

Mama, jambo sana. Kabla ya yote, mwambieni mtu wa makala asije. Kama yuko njiani, mpeni maji ya kunywa na nauli, arudi zake. Mti mlioukuta si wa baloji. Ni mti wa Afrika tangu asili, na bustani za India na za Florida huupanda kwa ajili ya ajabu hiyo hiyo inayomtisha jirani yenu.

Jina lake la kitaalamu ni Kigelia africana. Wabemba, wa huku kwetu na wa ng'ambo ya mto Luapula, wanauita mufungufungu. Ukimpata mzee aliyekulia Kasenga au Pweto, mtajie jina hilo, naye atakuonyesha kwa mikono miwili urefu wa tunda lake. Waswahili wa pwani wanauita mwegea, na Tanzania bara wengi wanasema mvungunya. Hata hilo jina la Kigelia halikutungwa Ulaya: limetoka kwa Wabantu wa Msumbiji walioita mti huo kigeli-keia, wataalamu wakalivisha mavazi ya Kilatini.

Hukunituma picha, lakini maelezo yako yamenitosha. Miti yenye maua mekundu-meusi ipo. Miti yenye harufu mbaya ipo, na inayoning'iniza maua ipo. Inayofanya yote hayo pamoja, kisha asubuhi ikayatupa maua chini yakiwa bado mazima, huku kwetu ni huu. Uko mmoja tu ambao ungeweza kumchanganya mtu: Parkia filicoidea, mti mrefu wa misitu ya kando ya mito, nao hushusha maua kwa nyuzi ndefu. Lakini ua la Parkia ni kama mpira mdogo wa manyoya mekundu, na majani yake ni madogo sana, laini kama unyoya. Lako umeliita ua kubwa, na naamini ukilishika limekaa kama kikombe chenye kingo zilizokunjamana.

Kama unataka kuhakikisha, subiri majani. Mufungufungu huchipua wakati huu huu wa maua, kabla ya mvua, kama miombo inayovaa majani mekundu huko porini sasa hivi. Jani lake limegawanyika vijani saba hadi kumi na kimoja, viwili viwili vikitazamana na kimoja nchani. Kikikomaa, kisugue kijani kimoja kwa kidole. Kinakwaruza kama msasa.

Kuna jambo moja nataka watoto wako walijue, kwa sababu litawafanya wautazame mti huo kama ndugu wa nyumbani. Mufungufungu ni wa ukoo mmoja na jakaranda. Ndiyo, jakaranda ile ile inayotandika barabara za Lubumbashi rangi ya zambarau kila mwezi wa tisa na wa kumi. Jakaranda ililetwa kutoka Amerika ya Kusini, upande wa Argentina na Bolivia, ikapewa avenyu nzuri za mjini. Kibobakasi, ule wenye maua ya moto yanayotazama juu, ni ndugu yao pia. Mufungufungu, mwenyeji wa hapa kabla hata mji haujaanzishwa mwaka 1910, hakupewa hata barabara moja. Linaniuma jambo hilo. Tumejifunza kupenda mti wa mgeni kwa sababu ulipangwa mstari, na huu wetu tunaukuta nyuma ya nyumba tunauliza kama ni wa kuchoma.

Sasa nije kwenye kamba, usiku na harufu, maana hapo ndipo penye moyo wa swali lako. Jirani yenu ameona vizuri. Kila alichokisema kuhusu maua ni kweli: yanafunguka usiku, rangi yake ni ya damu iliyoganda, yananuka, yananing'inia mbali na matawi kama kitu kilichofungwa na mtu. Kosa lake ni moja tu, hakuuliza ua hilo linamngoja nani. Kila ua lina mgeni wake. La jakaranda linamngoja nyuki. La aloe linamngoja chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. La mufungufungu linamngoja popo, na ukishalijua hilo, hakuna kitu kwenye mti huo kinachobaki cha ajabu.

Anza na kamba. Popo wa matunda si mdogo. Yule anayetembelea sana mti huu, mwenye vishungi vya manyoya meupe mabegani, akikunjua mabawa anafika karibu nusu mita. Hawezi kujipenyeza kati ya majani na matawi kama nyuki. Akigonga tawi, bawa linachanika. Kwa hiyo mti unamletea ua nje, kwenye nafasi tupu, kwa kamba ndefu, ili aruke kwa uhuru, alidake, anywe, aondoke. Kamba zenu ni vikonyo vya maua tu, lakini vimerefuka kupita kawaida kwa ajili ya mabawa hayo.

Kisha rangi. Popo huyu anakuja gizani, rangi nzuri haimsaidii kitu, basi ua halijisumbui kujipamba kwa ajili ya nyuki na vipepeo wa mchana. Linatumia harufu. Unasema yananuka vibaya, na pua yangu inakubaliana nawe, lakini harufu hiyo haikutengenezwa kwa pua zetu. Popo wadogo wanaokula wadudu hutafuta njia kwa kupiga sauti na kusikiliza mwangwi wake. Popo wa matunda, karibu wote, wanategemea macho makubwa na pua. Harufu ya jioni ndiyo inayowaita kutoka mbali, kama moshi wa samaki wa kuchoma unavyomwita mtu njiani.

Na kikombe kile kimejaa mbochi, maji matamu ambayo mti huanza kuyatoa jua likizama. Ukilishika ua jioni utaona jinsi lilivyo gumu na nene, kama limetengenezwa kwa ngozi. Lazima liwe hivyo, kwa sababu mnyama mzima ananing'inia juu yake kwa kucha. Anapoingiza kichwa kunywa, stameni nne, vile vijiti vyenye unga wa chavua, zilizojipanga upande wa juu zinampaka chavua utosini na shingoni. Anakunywa kwa muda mfupi sana, anaruka, anakwenda ua lingine, pengine mti mwingine, na chavua inakwenda naye. Mti haufungui maua yote usiku mmoja. Kila kamba hutoa machache, kesho mengine, kesho kutwa mengine, kwa wiki nyingi, ili popo azoee njia na arudi kila usiku.

Mara ya kwanza nilipolishuhudia jambo hili nilikuwa kijana, bado mwanafunzi, tumelala kando ya Luapula karibu na Kasenga. Mvuvi mmoja alitupeleka jioni chini ya mufungufungu na kutuambia tukae kimya. Kwa nusu saa hatukuona kitu. Kisha kamba moja ikatikisika, hakuna upepo. Kisha ya pili. Kila kamba ilikuwa inavutwa chini kidogo na kuachiliwa, kama mtu anayegusa kengele moja baada ya nyingine, na sisi hatusikii ila pumzi ya mabawa. Nimesoma mimea maisha yangu yote tangu hapo, na kamba zile ndizo zilizonifanya nisome.

Unaweza kuona wewe mwenyewe bila kukaa macho. Kesho asubuhi, kabla hujafagia, okota maua kumi yaliyoanguka na uyageuze. Tazama petali kwa nje na kwenye kingo. Ukikuta mikwaruzo midogo, vijitundu na michirizi iliyogeuka myeusi, hizo ni alama za kucha. Ua lililotembelewa lina alama, ambalo halikutembelewa ni safi. Wape watoto kazi hiyo ya kuhesabu, watajua kuliko jirani na kuliko mimi popo wamekuja wangapi usiku huo. Asubuhi mapema, kabla maua ya mwisho hayajaanguka, mtaona pia chozi wakija kulamba kilichobaki. Mbuzi nao wanayapenda maua yaliyoanguka, kama wanyama wa porini wanavyoyapenda, kwa hiyo ukifuga mbuzi usishangae akikutangulia.

Sauti mnazozisikia usiku, kama zinafanana na mtu anayegonga chupa kwa kijiko tena na tena bila kuchoka, ni popo dume anayeita jike. Si kitu kingine.

Kuhusu baloji, nitasema kwa heshima, maana jirani yenu hakuzua hofu yake peke yake. Mti huu umewagusa watu kila unapoota. Kwa Wajaluo wa kando ya Ziwa Viktoria unaitwa yago, na mtu wa kwao akifa mbali, mwili usipatikane, familia huzika tunda la yago badala yake, kwa matanga kamili, ili roho isikose mahali pa kulala. Nimefikiri mara nyingi kwa nini walichagua tunda hili kati ya matunda yote. Lina uzito wa mtoto mchanga, nadhani ndiyo sababu. Kwa hiyo mwambie jirani kwamba watu wengine wameona katika mti huo huo jambo la huruma na la kuheshimu wafu. Halafu mwalike saa kumi na mbili na nusu jioni akae nanyi atazame kamba zikitikisika. Hofu ya mti wa usiku hupungua mtu anapomwona aliyekuwa anakuja.

Nisije nikakuficha upande wa pili. Mti huu una mambo mawili ya kujihadhari nayo, na hayo yanajibu swali lako la jikoni.

La kwanza ni tunda lenyewe, siku litakapokuja. Ni refu, sentimeta 30 hadi mita nzima, nene kama paja, rangi ya kijivu, limefanana na soseji kubwa, na Wafaransa ndiyo jina walilolipa. Kilo tano ni kawaida, kumi si ajabu. Linakaa mtini miezi mingi, kisha siku moja linaachia. Tunda la kilo kumi likianguka kutoka mita kumi juu linatoboa bati la jikoni na kuvunja kioo cha gari, na sitaki kuandika litafanya nini kwa kichwa cha mtoto. Kwa hiyo jikoni chini ya matawi, hapana. Gari chini ya matawi, hapana. Mkeka wa mchana wa kulaza mtoto, hapana, ila miezi ambayo mmetazama juu mkahakikisha hakuna tunda. Kuna na mizizi. Ni mizizi yenye nguvu na haina adabu kwa msingi wa nyumba wala kwa fosi septiki, shimo la choo. Mimi ningejenga kuanzia mita 10 kutoka shinani, na zaidi kama kiwanja kinaruhusu. Mti wenu uko nyuma, kwa hiyo nadhani nafasi ipo. Jengeni jikoni upande mwingine, na chini ya mti acheni majani na kivuli, kivuli chake ni kizuri sana.

La pili ni kwamba tunda bichi ni sumu. Linaunguza tumbo na kuharisha vibaya. Waganga katika nchi nyingi hutumia gome na tunda la mti huu, hasa kwa ngozi, vidonda na mabaka, na huo si uzushi: maabara zimekuta ndani yake viambato vyenye nguvu, na viwanda hutengeneza krimu zenye dondoo lake. Lakini krimu ya kupaka ni jambo moja na kunywa ni jambo lingine. Mara watu watakapojua mna mufungufungu, watakuja na visu kuomba gome. Wengine watakuambia unatibu kila kitu. Usimruhusu mtu kubandua gome kuzunguka shina, maana mti ukivuliwa gome duara zima unakufa, na usiruhusu mtu yeyote ampe mtoto maji ya tunda hilo. Mwenye ugonjwa wa ngozi aende kituo cha afya.

Popo je? Najua swali hilo linakuja, kwa sababu tangu magonjwa ya Ebola watu wetu wanamwogopa popo, na wana sababu. Nakujibu kama mtu anayeishi humu humu. Virusi vya Marburg, vilivyoua watu huko Durba, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, kati ya 1998 na 2000, hubebwa na popo wa matunda wa aina nyingine, anayelala mapangoni, na wengi wa waliougua walikuwa wachimbaji wa dhahabu walioingia mgodini. Popo anayekuja kunywa kwenye ua usiku na kuondoka hakai nanyi. Kinachotakiwa ni adabu ya kawaida: msimshike popo kwa mkono, akiwa hai au amekufa, msimle, mkikuta embe au pera lililotafunwa chini ya mti wenu wa matunda litupeni, na mengine yaosheni kabla ya kula. Watoto wanaookota maua asubuhi wanawe mikono. Hayo yakifuatwa, sioni sababu ya kumfukuza.

Na kumfukuza kuna gharama. Popo ndiye anayebeba chavua na mbegu za miti yetu mingi. Popo wale wa rangi ya majani makavu wanaokusanyika kwa mamilioni Kasanka, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia, kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba, baadhi yao walifungwa vyombo vya setilaiti na wakafuatiliwa mpaka ndani ya Kongo. Wanaruka usiku juu ya misitu inayokatwa makala, na popote wanapodondosha mbegu kuna mti unaoweza kuota bila mtu kuushika. Lubumbashi inachoma miombo yake kila siku ili ipike bukari, ugali wetu. Mti mmoja uliobaki nyuma ya lupango si mchache.

Mtu wa makala angepata nini kwako? Magunia machache. Mbao ya mufungufungu haina sifa ya kuni nzuri. Watu wa Okavango huko Botswana na wa Zambezi waliona matumizi mengine, wakachonga mitumbwi kwa mashina yake. Wakikuyu wa Kenya wanaliita tunda hilo muratina, wanalipasua, wanalikausha, na kulitumbukiza katika maji ya asali au ya muwa ili pombe yao ichachuke. Hata pombe yenyewe imechukua jina hilo. Kwetu Katanga tunao munkoyo, ambapo mizizi ndiyo inayofanya kazi kwenye uji wa mahindi, kwa hiyo wazo la kumwomba mti akusaidie kupika kinywaji si geni kwako. Mbegu zimewahi kukaangwa na kuliwa miaka ya njaa. Hilo nakuambia ulijue tu, sikushauri ulijaribu.

Limebaki lile la kutokuzaa, na hili ndilo lililonigusa zaidi katika barua yako. Mti unachanua kila mwaka, popo wanakuja, na hakuna tunda. Jirani anaita laana. Mimi naita upweke. Mufungufungu hukataa chavua yake mwenyewe. Ua linahitaji chavua ya mti mwingine wa aina yake, na kama miti mingine ya karibu imekatwa au imechomwa, popo anazunguka kwenye kamba zenu usiku kucha akihamisha chavua ya mti huo huo mmoja. Mti unatoa mbochi yote, ua linaanguka, mwaka unaisha. Pengine zamani kando ya Kafubu walikuwepo wengine, maana unapenda udongo mzito wa kando ya mito. Wako amebaki peke yake.

Mnaweza kumsaidia, na msimu ni huu. Tafuteni mufungufungu mwingine. Ulizeni wavuvi, ulizeni wafugaji wa mbuzi, ulizeni wanafunzi wa kitivo cha agronomia cha Université de Lubumbashi, watafurahi kutembea. Njia rahisi ya kuupata ni kupita kando ya mito asubuhi mapema na kutazama chini, kwa sababu maua mekundu-meusi yaliyoanguka yanaonekana kwa mbali kuliko mti wenyewe. Mkiuona, nendeni jioni. Jua linapozama maua yanafunguka, na kamba zinafika chini kiasi kwamba hamhitaji ngazi. Kateni ua moja au mawili yaliyofunguka sasa hivi, yafungeni taratibu ndani ya karatasi safi kavu, si mfuko wa plastiki, na mrudi nyumbani usiku huo huo.

Kwenye mti wenu, chagueni ua lililofunguka jioni hiyo. Ndani yake, kati ya zile stameni nne, kuna ufito mwembamba unaoishia kwenye vidomo viwili bapa. Hapo ndipo chavua inapotakiwa. Chukueni unyoya laini wa kuku, upakeni chavua ya mgeni, mguse katikati ya vidomo. Katika miti mingi ya ukoo huu vidomo hujifunga vikiguswa, kwa hiyo mguse mara moja na vizuri, msirudie rudie. Fungeni uzi mwekundu kwenye kikonyo cha ua hilo ili mlijue. Fanyeni kwa maua matano au sita, usiku mbili au tatu, maana si yote yatakayoshika.

Asubuhi petali zitaanguka hata hivyo, msikate tamaa. Tazameni kilichobaki juu, kile kijipande cha kijani katikati ya kikombe. Kisiposhika kitakauka na kudondoka. Kikishika kitaanza kuvimba, kwanza kama kidole gumba, halafu kama ndizi, na ndani ya miezi michache mtakuwa na la kumwonyesha aliyewauzia kiwanja. Likiiva na kuanguka lenyewe, lipasueni kwa shoka, mchambue mbegu kwenye nyuzi, mziloweke usiku mmoja na kuzipanda kwenye mchanga wenye unyevu, zitaota ndani ya wiki mbili au tatu. Miche miwili au mitatu ipandeni kando ya mto, mbali na nyumba. Na siku mtakapoona kidole gumba cha kwanza kimevimba kwenye uzi mwekundu, wekeni mawe ya duara chini yake, ili watoto wajue wasicheze hapo.